Uwanja wa Ndege si Jengo Tu

Kisiwa hakina mpaka wa nchi kavu. Anayetaka kuingia au kutoka hana budi kuvuka bahari, ama kwa chombo cha majini ama kwa ndege. Kwa hivyo, kwa mkaazi wa Unguja au Pemba uwanja wa ndege si mahali pa kupokelea watalii peke yake. Ni lango la mgonjwa anayekimbizwa hospitali, la mwanafunzi, la mfanyabiashara, na la maiti anayerejeshwa kwao kuzikwa.

Jengo la 3 la abiria katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume limetupatia sura njema mbele ya wageni, nasi tunawapongeza waliohusika. Lakini vioo na marumaru haviokoi roho ya mtu.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyochukua watu 43 iliangukia Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walifariki dunia. Waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Tunawaheshimu wavuvi hao. Hata hivyo, ujasiri wa raia hauwezi kushika nafasi ya maandalizi ya Serikali. Sisi tulioonja msiba wa Spice Islander mwaka 2011 na wa Skagit mwaka 2012 hatuhitaji kufunzwa thamani ya dakika moja majini.

Kanuni zipo. Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kinataka magari ya zimamoto yaweze kufika popote katika njia ya kurukia ndege kwa muda usiozidi dakika 3, hali ya hewa ikiwa nzuri. Kinataka pia mpango wa dharura ujaribiwe kwa mazoezi ya mara kwa mara, na kwamba uwanja ulio karibu na maji uwe na waokoaji wa majini walio tayari.

Kwa hiyo tunashauri mambo mawili. Kwanza, wavuvi wa vijiji vilivyo karibu na viwanja vyetu, Unguja na Pemba, washirikishwe katika mazoezi hayo, wajue nani wa kumwita na wapi pa kuwapeleka majeruhi. Pili, matokeo ya kila zoezi yatangazwe kwa wananchi, pamoja na kasoro zake. Kasoro iliyofichwa hairekebishwi.

Huduma kwa abiria nayo ni sehemu ya usalama. Abiria anayeelezwa mapema kwamba safari imechelewa kwa sababu ya dhoruba husubiri kwa utulivu. Anayeachwa bila ya habari huja juu, akawasukuma watumishi kufanya haraka pasipostahili haraka. Aidha, mkubwa anayetaka apitishwe bila ya kukaguliwa, au ndege izuiwe mpaka afike, huwafunza watumishi kwamba sheria ina mlango wa nyuma. Mlango huo huo ndio ajali hupitia.

Tahadhari kabla ya athari, walisema wazee. Tunawaomba wakuu wa viwanja waanze na boti, mafuta yake na mabaharia wake, kisha ndipo wafikirie mapambo.