"N'lijua Tangu Mwanzo": Shemeji Si Mwongo

Msomaji mmoja wa Changamwe ameniandikia kwa hasira. Shemeji yake, asema, ni mharibu starehe. Kila wanapomaliza msimu wa tamthilia ya upelelezi, muuaji akishafichuliwa, shemeji hujinyoosha kwenye kochi na kusema: "N'lijua tangu mwanzo." Msomaji anataka sayansi iamue. Shemeji ni mwongo au ni mganga?

Shemeji huyo ana wenzake wengi. Pita maskani yoyote ya Kisauni usiku, au simama na wanaongoja feri Likoni asubuhi, utasikia kesi zikisikilizwa. Wapo walioanza na Inspekta Mwala wa Citizen, wakacheka. Mwaka 2021 wakaja wapelelezi Makena na Silas wa tamthilia ya Crime and Justice, vicheko vikapungua. Na wapo waliopelekea flashi kwa kijana wa duka la muvi, wakawekewa Money Heist yote kwa mpigo na kutokea Jumatatu macho mekundu. Hao ndio wabishi hasa. Kwa nini Profesa, mtu wa kupanga hadi pumzi, alimkabidhi Berlin uongozi wa wizi ndani ya kiwanda cha noti cha Uhispania, ilhali jamaa ana kiburi na roho mbaya? Wa kwanza akasema ni uzoefu. Wa pili akasema Berlin ni mgonjwa, hana la kupoteza. Baadaye hadithi ikafichua kwamba wawili hao ni ndugu, na ghafla ikawa maskani nzima ilijua. Hakubaki hata mmoja wa kushindwa ubishi.

 

Sasa sayansi aliyoitaka msomaji. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alichapisha jaribio lililohusu vita vya mwaka 1814 baina ya Waingereza na Wagurkha wa Nepal. Watu walisoma kisa kilekile, ila makundi yakaambiwa mwisho tofauti: huku Waingereza walishinda, kule walishinda Wagurkha, kwingine hakushinda mtu. Kila kundi liliona mwisho lililoambiwa ndio uliokuwa ukinukia tangu awali, hata lilipoombwa lijibu kana kwamba halikuambiwa kitu. Mwaka huohuo, yeye na Ruth Beyth wakatoa jaribio la pili, nalo ndilo linalomgusa shemeji. Kabla ya safari za Rais Nixon za China na Urusi mwaka 1972, wanafunzi walikadiria mambo gani yangetokea, kwa mfano kama Nixon angekutana na Mao. Baada ya safari wakaulizwa wakumbuke walikadiria nini. Kwa yale yaliyotokea, walikumbuka makadirio ya juu kuliko waliyoyaandika kwa mikono yao wenyewe.

Hapo shemeji ameshavuliwa shtaka la uongo. Lakini kinachotendeka kichwani mwake ni nini? Hapa ndipo penye utamu, na mhariri anisamehe nikikawia.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kumbukumbu ikishakaa, imekaa: huwa laini saa za mwanzo, kisha hukauka, basi. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux wa Chuo Kikuu cha New York waliitikisa imani hiyo kwa panya. Waliwafunza panya kuogopa mlio fulani kwa kuuambatanisha na shoti ya umeme. Siku iliyofuata waliwasikilizisha tena ule mlio, panya wakaganda kwa woga, na papo hapo wakadungwa kwenye amigdala, kisehemu cha ubongo kinachoshughulika na woga, dawa inayozuia seli kutengeneza protini mpya. Kesho yake mlio ulipolia, woga ulikuwa umepungua mno. Panya wengine walipewa dawa ileile bila kukumbushwa mlio, na woga wao ukabaki palepale. Dawa haikuiweza kumbukumbu iliyolala, iliiweza iliyoamshwa. Maana yake, kumbukumbu ikiitwa huweza kulainika, na ili ikae tena hudai protini mpya kama ilivyodai siku ya kwanza. Sijui habari nyingine ya maabara inayonisisimua kama hii.

Ukitaka picha yake, mtazame mama anayesuka ukili kibarazani. Miyaa ameshaianika na kuitia rangi. Sisi tulidhani kukumbuka ni kukunjua mkeka uliokwisha shonwa: unautandaza, unautazama, unaukunja. Kumbe huweza kuwa kufumua na kusuka upya. Miyaa ni ileile: yale macho ya Berlin, zile simu za Profesa, ule mpango wa miezi mingi. Akija mtu na mwaa mmoja mwekundu, "hao ni ndugu", mama hautupi kando. Huuingiza, na kwa kuwa miyaa ya ukili hupitana juu na chini, mmoja huwalazimisha jirani zake wahame, nao wahamishe wa kwao, mpaka ua zima limegeuka. Na ufundi wenyewe ni kwamba hakuna kiraka. Kilichosukwa jana na cha leo huwezi kuvitenga kwa jicho. Mkeka wa zamani je? Haupo pembeni ukingoja kulinganishwa. Miyaa yake ndiyo hii uliyoikalia. Shemeji akitafuta alichokuwa akikifikiri kabla ya kufichuliwa kwa siri, anatafuta mkeka aliokwisha kuufumua kwa mikono yake. Na ubishi wa maskani, unaomtaka akumbuke na kusimulia kila jioni, huenda ndio unaomfumulisha.

Mwaka 2022 Asieh Zadbood na wenzake, akiwemo Uri Hasson wa Chuo Kikuu cha Princeton, waliichungulia kazi hiyo kwa watu. Waliwatazamisha The Sixth Sense, filamu ya mwaka 1999, wakiwa ndani ya mashine ya MRI. Kama hujaitazama, ruka aya hii. Mwishoni inabainika kwamba daktari aliyeigizwa na Bruce Willis alikuwa maiti karibu muda wote. Sasa rudi kwenye mkahawa: siku ya kuadhimisha ndoa yao, daktari anafika amechelewa, mkewe hamtazami, anachukua bili na kuondoka. Asiyejua husema mke amenuna. Anayejua humwona mjane, peke yake na huzuni yake. Kundi moja lilipewa siri mapema, la pili likaipata mwishoni, la tatu halikuipata kabisa. Kisha wote wakasimulia. Waliogutuka mwishoni, walipoyasimulia matukio ya nyuma, hali ya ubongo wao katika baadhi ya sehemu ilisogea ikafanana na ya wale waliotazama wakiwa wanajua tangu mwanzo.

Soma tena maneno matatu ya mwisho, kisha umsikilize shemeji.

Sehemu hizo za ubongo zina jina la Kiingereza, default mode network, nalo limenikosesha raha. Watu wa simu na kompyuta wametupa "chaguo-msingi", kwa hiyo mtu angeweza kuandika "mtandao wa chaguo-msingi", lakini huo unanukia ukurasa wa mipangilio ya simu. Ni sehemu zinazochangamka mtu anapozama mawazoni, akiwaza ya jana au ya moyoni mwa mwenzake. Nitauita mtandao wa mzamo. Najua kwa anayevuka Likoni kila siku neno hilo halina baraka, ila sijapata bora.

Ndiyo, filamu ni moja, watazamaji ni makumi tu, na panya hawamjui Profesa. Tuendelee.

Ubishi wa maskani haumuumizi mtu. Kizimbani ni mengine. Hakimu wa Shanzu anayeamua kama mlinzi wa ghala alizembea anajua tayari kwamba ghala lilivunjwa, na gari lililoegeshwa nje jioni ile, ambalo mlinzi aliliona kuwa gari tu, kwake limeshakuwa gari la wezi. Kumwambia ajifanye hajui hakutoshi. Wasomaji wa Fischhoff nao waliambiwa hivyo.

Kinachosaidia ni maandishi ya kabla. Kwa hiyo, ndugu wa Changamwe, msimu ujao ukianza mwambie shemeji aandike jina la muuaji kabla ya sehemu ya tatu, alitume kwenye grupu la familia, na asiruhusiwe kufuta. Nawe uandike la kwako.