Nakala Rudufu Inayofaulu Leo na Kugoma Kesho

Swali: Seva kuukuu ya shule iliyoko Ruaha, wilayani Kilosa, hunakili hifadhidata ya alama kila usiku, lakini baadhi ya siku kazi hushindikana. Eleza hatua za kutafuta chanzo.

Jibu: Mtahiniwa, usiandike "seva imezeeka" ukaishia hapo. Hitilafu ya kuja na kuondoka hutafutwa kwa kulinganisha siku.

(i) Soma rajisi ya matukio. Andika saa kazi iliposimama na ujumbe wa kosa.

(ii) Linganisha na umeme. Hata jirani na bwawa la Kidatu umeme hukatika. Kagua betri ya dharura.

(iii) Pima nafasi. Nakala za zamani zikijaza diski, mpya hukosa pa kukaa. Mtu akifuta mafaili, kazi hufaulu tena.

(iv) Pima diski. Matumizi ya kawaida husoma data chache. Nakala kamili husoma zote, hivyo hugusa sehemu dhaifu ambazo mara husomeka, mara hazisomeki.

(v) Rekebisha kitu kimoja kimoja, kisha rejesha nakala kwenye kompyuta nyingine na kuhesabu rekodi.

Kumbuka: nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu. Diski ikifa, alama za miaka minne hupotea nayo.