Katoka majuu na lugha, mbona imeyeyuka?

Wiki hii nina neno na nyie mnaorudi kutoka majuu na watoto. Mtoto anashuka uwanja wa ndege anamwaga Kijerumani, ukoo mzima mdomo wazi, mama naye kifua mbele. Ngoja mwaka upite umsalimie kwa lugha ile ile. Atakukodolea macho tu!

Si uongo jamani. Mwaka 1954 Mmarekani mmoja, Robbins Burling, mtafiti wa maisha na mila za watu, alihamia milima ya Garo kule India na mwanawe ambaye hata miaka miwili hajafikisha. Dogo akakishika Kigaro kama mwenyeji. Mwaka 1956 wakaondoka. Baba mtu akaandika kwamba ndani ya miezi sita tu, hata maneno mepesi yalikuwa yanampiga chenga.

Wajapani wao wana jina kabisa la watoto waliorudi toka ng'ambo: kikokushijo. Waliowafuatilia wameona kwamba kinachotangulia kuondoka ni kuongea, kuelewa kunachelewa kidogo. Tena anayerudi mdogo, kusoma na kuandika bado, anasahau upesi kuliko kaka yake wa miaka 12.

Sababu? Mtoto lugha anaitumia kuchezea. Akikosa wa kucheza naye, anaitua. Na nani anataka kuitwa mzungu kila akifungua mdomo mtaani?

Msidhani ni sifa za mama tu zinazopotea. Mpwa wangu alirudi Dar kutoka Hamburg akiwa na miaka 5. Kule alilelewa na bibi mmoja jirani, Mjerumani, mama yake akiwa kazini. Bibi bado anapiga simu ya video kila Jumapili. Mwanzoni walipiga soga mpaka simu inapata moto. Siku hizi dogo anatabasamu, anapunga mkono, anamrudishia mama simu. Bibi anabaki anaita jina lake. Inauma!

Kwa hiyo acheni kumgeuza mtoto kasuku wa kuonyesha wageni, "hebu ongea tusikie". Mpe vitabu vya hadithi, katuni, na mtu wa kupiga naye stori kila wiki, maneno yakiwa bado mdomoni. Na kama keshasahau, msimcheke. Akirudi darasani ukubwani, anaweza kumtangulia yule anayeanza sifuri.

Wikiendi njema!