Masta, Self na Ofa

"Chumba masta, sebule, jiko, Luku yake, maji ndani, Sinza." Matangazo ya namna hii hupita kwenye simu za watu wa Dar es Salaam kila siku, na hakuna anayefungua kamusi. Masta ni chumba chenye choo na bafu humo humo. Mpelekee Mwingereza neno hilo, atakwambia ni chumba kikuu cha kulala, kile kikubwa cha wenye nyumba, kiwe na choo au kisiwe nacho. Kwetu ukubwa umeachwa njiani, choo ndicho kilichobaki. Chumba kisichotosha kitanda na kabati, kikiwa na choo chake, ni masta.

"Self", kifupi cha "self-contained", nayo imepita njia hiyo. Kwa Waingereza ni makazi yanayojitosheleza: mlango wake, jiko lake, bafu lake. Dalali wa Dar hadai jiko. Choo cha ndani kinamtosha. Wengine huandika "self container", na siwalaumu hata kidogo, maana mpangaji anayesoma anaelewa anachopata. Nairobi wana "bedsitter". Uingereza kilikuwa chumba kimoja cha kulala na kukaa, na mara nyingi wapangaji walichangia bafu. Nairobi chumba cha kuchangia choo huitwa "single", na bedsitter ni daraja la juu yake: choo ndani, na pembe ya kupikia.

Kwa hiyo choo ndicho kinachogawa majina. Aliyewahi kupanga uswahilini haulizi kwa nini. Anakumbuka foleni ya alfajiri, ndoo mkononi, na ugomvi wa zamu ya usafi. Kiswahili cha matangazo kilihitaji neno fupi la kumwambia mtu kwamba hilo limekwisha, kikalichukua lililokuwa karibu. Sioni Kiingereza kibovu hapo. Naona lugha inayojua shida ya watu wake. Tatizo huja mtu anapovuka mpaka na neno lake. Mwenyeji wa Dar akiulizia "masta" Nairobi, anaweza kuoneshwa nyumba ya vyumba vitatu, wakati alitaka kimoja tu.

Neno ninalolihofia zaidi ni "ofa". Dukani ofa ni punguzo. Baa ni soda uliyonunuliwa na rafiki. Kwenye viwanja Tanzania Bara ni kitu kingine kabisa: barua ya toleo, ambayo kwayo mamlaka humweleza mtu kwamba amepewa kiwanja, kwa masharti haya na ada hizi. Akikubali na kulipa, ndipo hati hufuata. Wengi hulipa ada kidogo, barua ikakaa sandukuni miaka, kisha kiwanja kikauzwa "kina ofa", na mnunuzi akasikia "kina hati". Uliza barua ina jina la nani, ada zimelipwa zote au nusu, kisha nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ya halmashauri kabla hujatoa hata shilingi. Dalali mwenye haraka asikuhimize.

Siku hizi kuna pia "freehold", umiliki usio na kikomo cha muda, neno la kawaida kabisa kwenye matangazo ya nyumba Uingereza. Kenya lipo kisheria, ingawa Katiba ya 2010 inamruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Tanzania Bara umiliki huo uliondolewa mwaka 1963. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na hati ya kiwanja cha mjini hutolewa kwa muda maalumu usiozidi miaka 99. Ukilikuta neno hilo kwenye tangazo la kiwanja cha Kibaha, aliyeliandika amelinakili kutoka nchi nyingine. Mwombe hati, usome imebakiza miaka mingapi.