Jenereta na Haki ya Jirani

Hapana mtu mzima katika kisiwa cha Unguja aliyesahau usiku wa tarehe 21 Mei 2008. Umeme ulizimika ghafla, nasi tukadhani utarejea baada ya saa moja au mbili kama ada yake, kumbe tulikuwa tulale gizani mpaka tarehe 18 Juni. Hatujapumzika vyema na dhiki hiyo ikatufika tena, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Sababu ni kuwa Unguja yote ilikuwa ikitegemea njia moja tu, waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, mpaka Fumba. Njia hiyo ilipoharibika pampu za maji nazo zilisimama, na watu wakarudi visimani na ndoo zao.

Siku hizo ndipo jenereta zilipoingia majumbani kwa wingi. Mwenye uwezo alinunua kubwa, na asiye nao alinunua ile ndogo ya kubebwa kwa mkono. Mwaka 2013 ulilazwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, na hali ikatengenea sana. Lakini umeme hukatika hata leo, na jenereta za wakati wa dhiki hazikutupwa. Zipo kumbini, barazani na chini ya ngazi, zangoja giza.

Mimi sina ugomvi na mtu atafutaye mwanga nyumbani kwake. Mgonjwa ahitaji feni, muuza samaki ahitaji barafu, na mtoto ana mtihani asubuhi. Ugomvi wangu ni juu ya mahali inapowekwa mashine hiyo na unakokwenda moshi wake. Mtu wa Donge au Makunduchi aweza kuiweka nyuma ya nyumba chini ya mwembe, asimsumbue ila kuku. Mji Mkongwe si shamba. Viko vichochoro ambamo watu wawili hawapishani mpaka mmoja ageuke ubavu, na dirisha lako laelekeana na la jirani. Kuta zetu, ingawa ni nene, ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko ambazo nyingi zina umri kuwapita babu zetu. Mtikiso wa mashine usiku kucha huangusha chokaa kidogo kidogo, na moshi uliotolewa kichochoroni hauna pa kwenda ila madirishani.

Katika moshi huo mna hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, nayo huingia damuni ikashika mahali pa oksijeni, mtu akaona kichwa chamuuma na usingizi wamjia, akalala asiamke. Basi yule anayeiwasha jenereta ukumbini na kuufunga mlango ili isiibwe, amewatilia sumu watoto wake kwa mkono wake mwenyewe.

Wako pia wanaochomeka waya wa jenereta katika plagi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Kama swichi kubwa haikuzimwa, umeme ule hutoka nyumbani ukarudi katika nyaya za Shirika la Umeme, na fundi aliyepanda nguzoni akidhani kuwa nyaya zimekufa hukutana na mauti. Na fundi huyo ana watoto wanaomngoja kwa chakula cha usiku. Dawa yake ni swichi ya kugeuzia, ifungwe na fundi anayeijua kazi yake.

Je, nani mwenye amri juu ya mambo haya? Mamlaka si haba. Ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu mwaka 1985, na mji wenyewe uliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. ZURA, yenye kudhibiti huduma za maji na nishati, imewekwa kwa sheria ya mwaka 2013. Sheria ya mazingira ni ya mwaka 2015. Lipo Baraza la Manispaa, na kila shehia ina sheha wake. Lakini mmoja aangalia jengo, wa pili nishati, wa tatu uchafu wa hewa, na mwenye dhiki saa tano za usiku hajui agonge mlango upi. Rai yangu ni kuwa jambo hili lishikwe na Manispaa kwa mkono wa masheha. Iwekwe saa ya kuzima, zikatazwe jenereta ndani ya nyumba na chini ya wikio, na madumu ya petroli yasiwekwe karibu na ngazi za mbao.

Wako watakaosema, "Nyumba yangu, mali yangu, nani wa kuniamrisha?" Wanazuoni hawakusema hivyo. Majalla, kitabu cha sheria kilichotungwa katika dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876, kimetaja habari za mtu aliyeweka kiwanda cha muhunzi au kinu ubavuni mwa nyumba ya mwenziwe, jengo likadhoofika kwa mtikiso, au moshi ukazidi hata nyumba isikalike. Hukumu yake ni kuwa madhara hayo yaondoshwe. Kitabu hicho ni cha madhehebu ya Hanafi, na sisi huku wengi wetu ni Mashafii, lakini sidhani kuwa yuko sheikh wa Unguja atakayeuhalalisha moshi.

Vijana siku hizi wapendelea betri na paneli za jua, zisizo na moshi wala kelele. Ni jambo jema, ila betri za risasi hutoa hewa yenye kushika moto zinapochajiwa, basi ziwekwe penye upepo, na zikichakaa zisitupwe jaani.

Mwaka 2010 jirani mmoja aliiweka jenereta yake mkabala na dirisha la chuo changu. Baina ya magharibi na isha watoto walisoma kwa kupiga kelele, wakishindana na mashine, na mmoja wao mwenye pumu akawa haji tena. Nilimwendea jirani huyo mara mbili kwa hasira, na mara zote mbili alinijibu kwa hasira. Mara ya tatu alikwenda mzee mmoja wa msikitini. Alikaa barazani akanywa kahawa, jenereta ikinguruma, akawa anazungumza kwa sauti ya chini mpaka mwenye nyumba akachoka kumwuliza, "Wasemaje?" Akainuka mwenyewe kwenda kuizima. Kesho yake ilihamishiwa katika gofu la nyuma lisilo na paa, na wiki iliyofuata yule mtoto alirudi chuoni.