Kutoka Al-Nuzha hadi Jazan: Umbali kati ya Mgonjwa na Daktari

Tofauti za afya kati ya mijini na vijijini, yaani hali ambayo mtu mmoja huwahi matibabu na mwingine huyakosa kwa sababu tu ya mahali anapoishi, mara nyingi huhesabiwa kuwa zao la umaskini wa nchi. Saudi Arabia, ambayo ni tajiri na ambayo ibara ya 31 ya Sheria ya Msingi ya Utawala ya mwaka 1992 inaitaka serikali impatie kila raia huduma za afya, inadhihirisha kwamba fedha peke yake haziondoi tofauti hizo.

Mtaa wa Al-Nuzha, ambao jina lake linapatikana Riyadh na Jeddah pia, uko upande wenye nafasi. Anayeugua ghafla katika Al-Nuzha ya Riyadh, kaskazini mwa jiji, hufikishwa King Fahad Medical City kwa mwendo mfupi wa gari, na Hospitali ya Rufaa ya King Faisal, iliyofunguliwa mwaka 1975 na inayosifika kwa upandikizaji wa viungo na tiba ya saratani, imo katika jiji hilohilo. Mkulima wa milima ya Fayfa, mkoani Jazan karibu na mpaka wa Yemen, anatenganishwa na hospitali hizo na safari ya zaidi ya kilomita 900. Kituo cha afya anacho, kwa kuwa baada ya Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 serikali ilieneza huduma za afya ya msingi hadi vijijini. Asichokuwa nacho jirani ni daktari bingwa, ambaye amesomea mjini, ana watoto wanaosoma mjini, na anahitaji mitambo, wenzake wa fani na wagonjwa wa kutosha ili ujuzi wake usififie.

Kiharusi ndicho kinachoonyesha wazi gharama ya umbali huo. Mshipa wa ubongo unapozibwa na bonge la damu, dawa ya kuliyeyusha hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na haiwezi kutolewa kabla picha ya CT haijasomwa na mtu anayeweza kutofautisha mshipa uliozibwa na mshipa uliopasuka, kwa maana dawa hiyohiyo inayomwokoa mgonjwa wa kwanza yaweza kumuua wa pili. Ndiyo sababu Hospitali Mtandao ya Seha, iliyoanzishwa Riyadh mwaka 2022, ina thamani kubwa: bingwa aliyeko makao makuu husoma picha iliyopigwa katika hospitali ya mkoani na kumwelekeza daktari aliye kando ya kitanda, na saa ambazo zingeishia barabarani hutumika kwa tiba. Hata hivyo, mtandao haumchomi mgonjwa sindano wala haumbebi kutoka mlimani, kwa hiyo bila muuguzi, gari la wagonjwa na barabara inayopitika, bingwa wa Riyadh atabaki akitazama kitanda kitupu.

Afya ya kijijini si haja ya wanakijiji peke yao. Mwezi Septemba 2000 homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu na kwa kugusa damu ya mifugo wagonjwa, ilizuka Jazan na upande wa pili wa mpaka, Yemen, ikiwa mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya Afrika, na iliua watu zaidi ya 100. Virusi vyake vilikuwa na undugu wa karibu na vile vilivyozisumbua Kenya, Somalia na Tanzania wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998. Maendeleo endelevu, ambayo tume ya Gro Harlem Brundtland iliyaeleza mwaka 1987 kuwa ni kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima wa kesho uwezo wa kukidhi yao, hayawezekani ikiwa mfugaji wa pembezoni hana wa kumwarifu mapema kwamba mbuzi wake wanaharibu mimba, ishara ya homa kama hiyo.

Kuna umbali mwingine ambao ramani haiuonyeshi, nao unawahusu moja kwa moja wasomaji wa Afrika Mashariki. Mfanyakazi wa ndani kutoka Kenya au Uganda anayeishi Al-Nuzha yuko karibu na hospitali kuliko mkulima yeyote wa Fayfa, lakini akiwa hana bima, ikama yake, yaani kibali cha ukaazi, imekwisha muda, au hana ruhusa ya kutoka nyumbani, ukaribu huo haumfai kitu. Tangu Julai 2024 bima imekuwa ya lazima kwa mwajiri mwenye wafanyakazi wa nyumbani zaidi ya wanne, hatua ya kupongezwa, ila anayefanya kazi peke yake katika nyumba ya familia ya kawaida haimgusi. Serikali za Afrika Mashariki zinazotia saini mikataba ya ajira na Riyadh zidai kwamba bima ya mfanyakazi wa namna hiyo iandikwe katika mkataba wake, na kadi yake itolewe kabla hajapanda ndege.