Kwa Mmalawi, asiyekula nsima hajala

MPE Mmalawi sahani ya wali na nyama, kisha muulize baadaye kama amekula. Huenda akakujibu kwamba bado. Kwake chakula ni nsima, yaani ugali wa mahindi. Vingine ni vya kupitishia muda.

Niliyazoea hayo Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, kiasi cha kilomita 50 kutoka Lilongwe, mahali palipokuwa gereza. Ndiko nilikosomea na baadaye kufundisha. Sisi wa Uvira tulizoea bugali wa muhogo, bonge moja katikati, kila mkono ukimega. Wenyeji huchota nsima kwa upawa uliolowanishwa, wakaipanga sahanini vipande laini, kila mtu akachukua chake. Unga wanaouheshimu ni mweupe: mahindi hukobolewa, hulowekwa, huanikwa, ndipo husagwa. Dona, waiitayo mgaiwa, wengi huiona ni ya miezi ya njaa, Januari na Februari, mahindi yakiwa bado shambani. (Kwa maoni yangu dona ndiyo inayokaa tumboni, lakini usimwambie mwenye nyumba.)

Mfanyabiashara uendaye huko, zingatia kunawa. Kijana hupita na jagi na beseni, akianza na mgeni au mkubwa, nawe useme "zikomo", asante. Zamani wengi walichovya mikono katika beseni moja; kipindupindu cha 2022 na 2023, kilichoua zaidi ya watu 1,700, kiliwahimiza kumiminiana maji.

Kitoweo huitwa ndiwo. Sokoni Lilongwe utakuta usipa mkavu, ukadhani ni ndagala wa Tanganyika. Kumbe ni samaki mwingine, asiyepatikana ila Ziwa Malawi. Wenyeji humpika kwa nyanya. Mama zetu kambini walimtia mawese yalipopatikana, na majirani wakaja kuonja.

Binti yangu alizaliwa Dzaleka. Tuliporudi Uvira, bibi yake alimpikia bugali wa muhogo na sombe, akala akashiba. Jioni akaniambia, bibi akisikia, kwamba tangu asubuhi hajala. Mama alinyamaza, akaondoa vyombo. Zilipita siku tatu kabla hajakubali nimweleze kwamba mtoto hakumdharau. Siku hizi hununua mahindi mwenyewe, na unga huuchekecha mara mbili.